Mpelelezi Asiyemtazama Mtu Usoni

Mwaka 1994 umeme wa Dar es Salaam ulikuwa wa mgao, na dada yangu alikuwa na kazi moja usiku: kunisomea. Kusema kweli hakuwa akisoma, alikuwa akisimulia. Anasogeza chemli, anapitia Kiingereza kimoyomoyo kurasa mbili tatu, midomo ikimchezacheza, kisha anakilaza kitabu kifudifudi juu ya goti na kunieleza yaliyotokea. Kwa hiyo wapelelezi wote wa Uingereza niliowajua utotoni walikuwa wakisema Kiswahili cha Temeke. Mmoja wao, mwenye masharubu, aliwahi kumwambia mtuhumiwa, "Wewe bwana, usinifanye mimi mtoto wa juzi." Nilipokuja kusoma Kiingereza chenyewe nikaona kimepungua chumvi.

Vitabu tulinunua kwa wauza vitabu chakavu wa Posta, waliovipanga chini juu ya turubai. Kimoja kilikuwa The Clocks cha mwandishi wa Kiingereza Agatha Christie, jalada limebandikwa selotepu na kurasa za mwisho hazipo. Dada hakuniambia kwamba hazipo. Karatasi zilipoishia yeye akaendelea tu, akamkamata muuaji wake, akamtia pingu, akapuliza taa. Ilinichukua miaka mingi kuipata nakala nzima, na hapo ndipo nilipojua kwamba mtu niliyemchukia tangu darasa la nne hakuwa na hatia yoyote.

Nakala hiyo nzima ilinipa na jambo jingine. Kuna mahali Poirot, mpelelezi wa Christie, ambaye sasa ni mzee na kazi haina moto kama zamani, amekaa nyumbani kwake anaongea na mgeni kuhusu riwaya za upelelezi alizozisoma. Anashika ya kwanza na kuisifia: mazingira yake ya kale, vituko vyake vilivyokolezwa makusudi, mabinti wawili waliopambwa kwa maneno mpaka wanang'aa, mtumishi wa ndani aliyechorwa sawasawa na watumishi wa kweli, na muuaji ambaye nafsi yake imepasuliwa vizuri. Riwaya yenyewe ni The Leavenworth Case. Nilimpigia dada simu nikamuuliza mbona kipande hiki hakuwahi kunisimulia. Akasema, "Pale wanaongea habari za vitabu tu. Hakuna damu. Nilikiruka."

Nikaitafuta hiyo riwaya. Hakimiliki yake ilishakwisha zamani, na kwenye intaneti inapatikana bure, kwa hiyo niliipakua kwenye simu na kuisoma kwa usiku nne. Mwandishi wake ni Anna Katharine Green, Mmarekani, na kitabu kilitoka mwaka 1878. Sherlock Holmes, mpelelezi wa Arthur Conan Doyle, alijitokeza kwa mara ya kwanza 1887. Yaani mwanamke huyu alitangulia kwa miaka tisa.

Haraka haraka niseme kwamba si yeye aliyeanza. Edgar Allan Poe alikuwa ameshaandika hadithi zake fupi za mpelelezi kuanzia 1841, Ufaransa walikuwa na mwandishi wao wa upelelezi, Gaboriau, na hata katika wanawake wa Marekani, Metta Victor alishatangulia na riwaya ya upelelezi katikati ya miaka ya 1860 akitumia jina la uongo la Seeley Regester. Wanaomwita Green "mama wa riwaya ya upelelezi" wanajua haya yote na bado wanamwita hivyo. Mimi nadhani ni kwa sababu alikuwa wa kwanza kufanya kazi hiyo maisha yake yote, kitabu baada ya kitabu, kwa jina lake halisi, kama fundi mwenye duka barabarani.

Alizaliwa Brooklyn tarehe 11 Novemba 1846. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo sana. Baba yake, James Wilson Green, alikuwa wakili, na kesi za jinai zilikuwa sehemu ya kazi yake. Nyumba ya wakili ina mazungumzo yake: nani kaona nini, nani kaapa, nani kabadilisha maneno alipobanwa. Mtoto anayekulia humo huvuta mambo bila kufundishwa. Na ukikisoma kitabu chake cha kwanza unaisikia nyumba hiyo. Kichwa chake kidogo kinasema ni "hadithi ya wakili", na kinaanza ofisini kwa mawakili, asubuhi, kijana mmoja ameingia akitweta kuwaambia kwamba mteja wao ameuawa.

Lakini Anna hakutaka kuandika mauaji. Alitaka kuwa mshairi. Alisoma Ripley Female College huko Poultney, Vermont, akamaliza mwaka 1866, wakati ambapo mwanamke mwenye shahada Marekani alikuwa wa kuhesabika. Huko ndiko alikokutana na Ralph Waldo Emerson, ambaye kwa Wamarekani wa enzi ile alikuwa mtu wa kuogopwa na kupendwa kwa pamoja, mwanafalsafa ambaye neno lake moja lilitosha kumpandisha mwandishi au kumzika. Mwaka 1868 Anna akamtumia mashairi yake. Emerson akajibu.

Barua ile mimi naiona ni kazi ya mtu mzima anayejua kukataa bila kuvunja kikombe. Alisema mtu yeyote apewe hongera kwa kila hatua anayopiga katika ushairi, kwa kuwa unamfungulia ulimwengu mpya, na kila alichopitia, cha furaha au cha huzuni, kinakuwa mtaji. Halafu likaja "lakini". Kuufanya ndiyo kazi ya maisha, akasema, kuthubutu kuacha mambo mengine yote nyuma ili kuandika, hilo ni swali lingine kabisa.

Kila aliyewahi kupeleka mswada kwa mkubwa anaijua hiyo "lakini". Mimi niliwahi kupokea yangu, kutoka kwa mhariri ambaye simtaji, na iliniweka miaka mitatu bila kuandika. Anna alikuwa na miaka ishirini na moja. Alisikia yote mawili: hongera na swali. Ushairi hakuuacha, na baadaye alitoa kitabu cha mashairi na tamthilia ya kishairi ambavyo leo husikii mtu akivitaja. Ila aliweka kando ndoto ya kuishi kwa ushairi, akaanza kuandika kitu kingine, na akaandika kwa kificho.

Kificho chenyewe kilikuwa dhidi ya baba yake. Hakutaka ajue. Aliyejua ni mama wa kambo, Grace, na huyu ndiye aliyempa moyo. (Katika hadithi zetu mama wa kambo huwa anasaga chupa kwenye uji. Nimefurahi kukutana na wa aina nyingine.) Kazi ilichukua miaka. Hatimaye mzee akaoneshwa, na mswada ukafika kwa mchapishaji George Putnam wa New York. Inasimuliwa kwamba Putnam alimtwisha mzigo mhakiki Rossiter Johnson, na kwamba Anna mwenyewe ndiye aliyekaa mbele ya Johnson na kumsomea riwaya nzima kwa sauti, siku mbili mfululizo. Mswada haukuwa mwembamba. Ninamwona yule bwana siku ya kwanza ameingia kwa heshima tu, na siku ya pili amewahi kufika.

Kitabu kikauzwa kama njugu.

Sasa niwaoneshe ndani, bila kumtaja muuaji. Horatio Leavenworth, tajiri mzee, amekutwa amekufa kwenye maktaba ya nyumba yake, Fifth Avenue, New York. Alikuwa amekaa mezani, risasi imempata kichwani kwa nyuma. Milango ya nyumba ilikuwa imefungwa usiku kucha, kwa hiyo aliyeua alilala humo humo. Waliolala humo ni katibu wake, watumishi, na mabinti wawili wa ndugu zake aliowalea, Mary na Eleanore. Wosia umempendelea mmoja. Na mtumishi wa ndani, Hannah, ametoweka.

Uchunguzi wa kifo unafanyika palepale nyumbani, kama sheria yao ilivyoruhusu, wazee wa baraza wamekaa sebuleni kwa marehemu. Hapa ndipo binti wa wakili anapojiachia. Anaita shahidi mmoja mmoja. Daktari anaeleza njia ya risasi. Mnyweshaji anaulizwa alifunga mlango gani saa ngapi. Analetwa mtaalamu wa bastola. Bastola imekutwa chumbani kwa marehemu mwenyewe, mtutu umesafishwa ukang'aa. Mtaalamu anaizungusha silinda, anatazama tundu baada ya tundu, na kwenye tundu moja anaona mstari mwembamba wa masizi. Imepigwa, ikafutwa, mfutaji akasahau mahali pamoja. Halafu inaletwa leso. Leso ni ya kike, ina jina, na ina doa. Chumba kizima kinaliangalia lile doa na kila mtu anafanya hesabu yake ya haraka. Msomaji naye anaifanya.

Kitabu kina hata mchoro wa sehemu ya nyumba, na barua iliyochanwa ikaoneshwa vile vipande vilivyokaa, ili msomaji ahangaike nayo mwenyewe. Mambo haya baadaye yalikuwa chakula cha kila siku cha riwaya za aina hii: maiti maktabani, ramani ya nyumba, wosia, mtumishi aliyejua jambo, karatasi iliyonusurika. Ukiwa umekulia kwa Christie kama mimi, unayasoma na kucheka peke yako kitandani, kama mtu aliyekwenda kijijini kwa mara ya kwanza akakuta kila mzee ana pua ya baba yake.

Halafu kuna mpelelezi. Anaitwa Ebenezer Gryce, ni askari wa jiji, na mwandishi anamleta kwa kutuonya kabisa kwamba asije mtu akategemea yule mwembamba mwenye jicho la kuchoma. Gryce ni mnene, ametulia, na jicho lake halimchomi mtu. Halimtui mtu hata kidogo. Likitua, litatua kwenye chombo kisicho na maana kilicho karibu, chungu cha maua, kidau cha wino, kitabu, kifungo cha koti. Unamhoji dada wa watu kuhusu mauaji ya mjomba wake na macho yako yako kwenye kitasa cha mlango. Siri zote atakazozipata ni kana kwamba amezinong'onezwa na vitasa. Ana baridi yabisi pia, inayomlaza wakati anahitajika sana.

Tabia hii imenikaa kuliko fumbo lenyewe. Mwanzoni nilidhani ni kichekesho tu. Baadaye nikakumbuka babu yangu mzaa mama, aliyekuwa mzee wa baraza kwenye mahakama ya mwanzo. Alikuwa akisikiliza shahidi huku akitazama ncha ya bakora yake. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu kwamba mtu akijua unamtazama anakupa uso, na yeye hakuja pale kuchukua uso.

Kuna jambo jingine Gryce analikiri kwa wakili kijana anayesimulia, na linauma kidogo. Anasema ameweza kujigeuza watu wa kila aina katika kazi yake, ila kuna tabaka moja limemshinda: hawezi kujifanya bwana wa heshima. Amejaribu, amevaa, ameajiri hata wa kumfundisha, na mara tu anapofika sebuleni kwao wanamjua. Ndiyo maana anamhitaji wakili, awe macho yake huko asikofika. Marekani ya 1878, nchi iliyopenda kujisifu kwamba haina mabwana na watwana, na askari mzee anasimama nje ya mlango wa kioo kwa sababu ya namna anavyoshika kofia. Green hakuhubiri juu yake. Alilitia kwenye ufundi wa hadithi tu, likawa ni tatizo la kazi.

Na kuna pale Gryce anapotoa hoja yake maarufu ya bastola. Anasema alama tisini na tisa zikimwelekea mtu mmoja, na ya mia ikawa ni tendo ambalo mtu huyo hawezi kulitenda, basi jengo zima la shuku linaanguka. Tendo lenyewe? Kusafisha bastola. Wanawake, anasema yule mzee, hupiga, wakishapiga hawasafishi. Nilicheka nikarudia kusoma. Mwanamke amekaa chumbani, kwa siri, anatunga mwanamume anayejua wanawake hawawezi nini. Sijui kama Anna alikuwa akiamini hivyo au alikuwa anamtania Gryce, na kila nikirudi mahali pale jibu langu linabadilika.

Kutokana na kitabu hiki watu walishangaa binti ametoa wapi sheria yote ile. Inasemekana Chuo Kikuu cha Yale kilikitumia kuwafundisha wanafunzi wa sheria hatari ya ushahidi wa kimazingira. Ningeamini. Nusu ya riwaya ni somo la jinsi ushahidi wa kimazingira unavyoweza kumfunga kamba mtu asiye na kosa, huku kila fundo likiwa la kweli.

Kitabu kina kasoro, na ni kubwa. Mabinti wanazimia. Wakishazinduka wanatoa hotuba. Mtu hasemi "siwezi kukuambia", anasimama, anainua mkono, anaita mbingu zishuhudie, na ukurasa umekwisha. Mshairi aliyezuiwa mlango wa mbele ameingilia jikoni. Nilikuwa naruka aya, halafu narudi kwa aibu nisije nikawa nimeruka kidokezo, na mara moja nilikuwa kweli nimekiruka.

Mwaka 1884, akiwa na miaka thelathini na minane, aliolewa na Charles Rohlfs, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kama sita. Charles alikuwa mwigizaji wa jukwaani ambaye pia alijua kubuni majiko ya chuma. Baba mkwe alitoa sharti: mwigizaji aache jukwaa. Akaacha, kwa muda. Mwaka 1887 wakahamia Buffalo, magharibi ya jimbo la New York, wakazaa watoto watatu, na huko wakaishi mpaka mwisho.

Ndoa hii inanifurahisha kuliko nyingi za waandishi. Charles alianza kutengeneza samani za nyumba yao wenyewe, za mwaloni, zenye michongo inayojikunja kama moshi, na watu wakazitaka. Akawa seremala wa sifa, kazi zake zikaoneshwa hadi Turin, Italia, mwaka 1902. Wapo wachunguzi wa samani wanaoamini kwamba mkono wa mkewe umo katika ubunifu wa baadhi ya viti vile. Kwa upande wake Charles alirudi jukwaani mwanzoni mwa miaka ya 1890, na tamthilia aliyorudi nayo ilikuwa The Leavenworth Case, imegeuzwa mchezo, naye ndani yake. Sharti la baba mkwe likazikwa na kitabu ambacho baba mkwe mwenyewe alifichwa.

Mwaka 1901 Buffalo iliandaa maonesho makubwa ya mataifa ya Amerika, na Charles alikuwa miongoni mwa walioonesha kazi. Katika maonesho hayohayo, tarehe 6 Septemba, Rais William McKinley alipigwa risasi. Mji wa mwandishi mkubwa wa mauaji Marekani ukapata mauaji makubwa kuliko yote, na hayakuwa na fumbo hata chembe: mpigaji alikamatwa palepale bastola ikiwa imefungwa kwa leso. Leso tena.

Miaka saba kabla ya hapo mgeni mwingine alikuwa amefika Buffalo. Arthur Conan Doyle alikuwa akizunguka Marekani mwaka 1894 kutoa mihadhara, akamtembelea Green. Fikiria siku zenyewe. Mwaka mmoja tu umepita tangu Doyle amtupe Sherlock Holmes kwenye maporomoko ya Reichenbach kwa sababu amemchoka, na sasa amekuja mji ulio jirani na maporomoko ya Niagara kumwona mwanamke ambaye Gryce wake, na baridi yabisi yake yote, alikuwa bado hai na anafanya kazi. Green hakuwahi kuwa na haja ya kumuua mtu wake. Alimwacha azeeke polepole, kitabu hadi kitabu, na akampa kijana wa kumsaidia aitwaye Sweetwater.

Wilkie Collins naye, yule Mwingereza wa mafumbo, alikuwa ameshamwandikia Putnam kusifia uwezo wa Green wa kubuni, na akasema ana kile anachokihitaji zaidi mtu wa sanaa hii: anaamini anachosimulia.

Wa kwetu tuna Bwana Msa. Kila aliyemsoma Muhammed Said Abdulla anakijua kiko chake, na anajua kiko kile kilipitia Baker Street, kwa Sherlock Holmes, kabla ya kufika Unguja. Sitaki kuunda ukoo ambao haupo, nikasema Green ni bibi yake Bwana Msa. Nasema tu kwamba nilipomfikia Gryce nilikuwa nimemzoea mpelelezi mtulivu anayewaacha wenzake wapige kelele.

Mchango wake ninaoupenda zaidi ulikuja 1897, kwenye That Affair Next Door. Hapo alimtoa Miss Amelia Butterworth, mwanamke wa makamo, hajaolewa, ana mali yake, ana ukoo wa kujivunia, anaishi Gramercy Park na ana dirisha linalotazama kwa jirani. Anafungua hadithi mwenyewe, na tafsiri yangu ni hii: "Mimi si mwanamke wa umbea, lakini usiku mmoja wa joto wa Septemba, niliposikia gari la farasi likisimama nyumba ya jirani, sikuweza kujizuia kutoka kitandani na kuchungulia pazia." Umeshajua kila kitu juu yake. Ameona mwanamume na mwanamke wakiingia nyumba isiyo na wenyewe. Mwanamume katoka peke yake. Asubuhi kuna maiti chini ya kabati lililoanguka.

Kilichoua si kabati. Ni pini ya kofia. Na hapo Miss Butterworth anawashinda askari, kwa kuwa anajua mambo ya kofia, glavu, mikunjo ya gauni, nani amevaa nguo isiyo yake. Gryce, mzee sasa, anamchukia, anamheshimu, na anamhitaji, kwa zamu. Wakiwa pamoja ukurasa mmoja hotuba zote zinakwisha na Green anaanza kuchekesha. Ninasikitika kwamba hakuacha mapema kuzimisha watu na kuandika vichekesho.

Miaka thelathini baadaye Miss Marple, bibi mpelelezi wa Christie, aliketi dirishani pake na kijiji chake. Kabla ya hapo, mwaka 1915, Green alimtoa mwingine, Violet Strange, binti wa matajiri wa New York anayefanya upelelezi wa siri kwa malipo. Sababu anafichua mwishoni: baba yao amemfukuza dada yake, na Violet anatafuta pesa za kumsomesha dada huyo muziki. Hadithi hizo si bora kuliko zote, lakini kwangu mimi, unajua tena, dada.

Sasa la kukera. Mwanamke huyu, aliyeishi kwa kalamu, aliyewapa wanawake wake akili kuliko polisi, alipinga wanawake kupiga kura. Hakulificha. Wanawake wa jimbo lake la New York walipata haki hiyo mwaka 1917 bila msaada wake. Nimejaribu kumtetea, nikasema ni zama, nikasema ni malezi, halafu nikakumbuka kwamba wanawake wengi wa zama hizohizo na malezi hayohayo waliandamana barabarani. Namwacha hapo.

Aliendelea kuandika hadi 1923, riwaya zaidi ya thelathini. Mwanawe Roland alikuwa rubani wa majaribio, na mwaka 1919 aliweka rekodi ya dunia ya kuruka juu zaidi. Mwingine, Sterling, rubani pia, alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1928, na binti yake, Rosamond, akafariki miaka miwili baadaye. Anna alifariki Buffalo tarehe 11 Aprili 1935, akiwa na miaka themanini na minane, amewazika watoto wawili. Kufikia hapo walioandika kwa kumfuata walikuwa wamejaa madukani.

Na wengi walimpokea kama nilivyompokea mimi, kwa njia ya sikio au ya rafu. Mwandishi Mary Roberts Rinehart alipomaliza riwaya yake The Circular Staircase hakujua aipeleke kwa mchapishaji gani. Akashusha rafuni kitabu cha Green, akaangalia nani amekichapa, akapeleka hukohuko. Carolyn Wells alikuwa ni mtu wa mashairi ya kuchekesha mpaka pale mtu wa jirani alipomsomea kwa sauti kisa cha Miss Butterworth. Akaanza kuandika riwaya za upelelezi na hakuacha. Na Agatha Christie, katika kumbukumbu zake, anaeleza kwamba alikuwa na miaka minane dada yake Madge alipomsimulia The Leavenworth Case, na hadithi ikamteka. Huyu Madge ndiye aliyekuja baadaye kumwambia kwamba hawezi kuandika riwaya ya upelelezi, na Agatha akaandika ili kumwonesha.

Nilipofika kwenye jambo hilo la Madge niliiweka simu chini, nikakaa. Halafu nikaiokota nikampigia dada. Yuko Mwanza siku hizi, macho yamemsumbua, kusoma kwa muda mrefu hawezi tena. Nikamwambia nina kitabu. Akauliza cha nani, nikamwambia ni mama mmoja wa Kimarekani wa zamani, yule uliyemruka. Akasema haya.

Nikasoma ukurasa wa kwanza kimoyomoyo, nikamsimulia: wakili yuko ofisini, asubuhi, wakubwa wake hawapo, kijana kaingia anatweta. Mzee kapigwa risasi. Milango ilikuwa imefungwa. Nilimleta Gryce nikampa sauti ya babu. Dada akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

"Upo?"

"Nipo. Kurasa za mwisho zipo?"

Nikamwambia zipo zote.

"Basi endelea."